Methali za Faraja: Nusu Yangu, Nusu Yako

Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, mnunuzi wa leso, au kanga, hatazami rangi peke yake. Muuzaji huvuta doti kutoka kwenye rundo, huikunjua pale chini palipo na maandishi, na mteja husoma kabla hajauliza bei. Pindo linaweza kupendeza, mji ukawa na maua anayoyataka, lakini jina, yaani hayo maandishi, lisipomkaa moyoni doti inarudishwa. Wako wanaoingia dukani wakijua wanachotafuta. “Mwanangu, nitolee yenye maneno ya kuliwaza,” mama mtu mzima atamwambia muuzaji kijana. “Ya vijembe sitaki.”

Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkono sita vikiwa bado kwenye jora, wakavikata na kuvishona vitatu juu, vitatu chini, wakapata vazi moja. Maneno yalifuata baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Anayetajwa sana kwa hilo Mombasa ni mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaja za Kilatini tunazozisoma leo.

Watu wakizungumzia maneno ya kanga hukimbilia mipasho: mke mwenza kumrushia mwenzake, jirani kumjibu jirani bila kufungua mdomo. Hayo yapo, na yana utamu wake. Mimi naona kanga za faraja hazijapewa haki yake. Mzazi aliyetoka kujifungua kwa shida huletewa kanga. Mfiwa huletewa, na mgonjwa aliyelala muda mrefu naye huletewa, na jina huchaguliwa kwa makini: Baada ya dhiki faraja. Mungu hamtupi mja wake. Subira yavuta heri. Wako mashoga wanaogawana doti, kipande kimoja kikabaki kwa mtoaji na cha pili kikaenda kwa mwenye shida. Kila mmoja wao akijitanda, anajua kwamba nyumba ya pili kuna mwenzake mwenye maneno yale yale.

Siku hizi vijana wetu wanafundishwa kuwa na fikra chanya. Kumbi za hoteli zinajaa wahamasishaji, simu zinajaa video fupi, na somo kubwa ni moja: simama mbele ya kioo, jiambie unaweza, utaweza. Sibezi. Kijana aliyekaa miaka bila kazi anahitaji kila neno la kumwinua. Ila katika mafundisho hayo mtu huachwa peke yake na kioo chake. Akishindwa, anaambiwa hakuamini vya kutosha. Wazee wetu hawakumwachia mtu kazi ya kujiliwaza mwenyewe. Neno la matumaini lilitoka kinywani mwa mwingine, na lilikuwa na utaratibu wake.

Angalia methali inavyosemwa barazani. Bwana mmoja amepoteza mzigo wake wote baharini. Ameketi, hana la kusema. Mzee aliye kando yake hamhutubii. Anasema tu, “Baada ya dhiki…” halafu ananyamaza. Adabu haimruhusu yule bwana kumwacha mzee akining'inia, kwa hiyo anajibu, hata kama ni kwa sauti ya chini: “Faraja.” Kwa njia hiyo mwenye dhiki ndiye aliyelitamka neno la matumaini kwa ulimi wake, na mzee amemfungulia mlango tu. Sijaona ufundi wa saikolojia uliotimiza jambo hilo kwa maneno machache kuliko hayo. Hata salamu zetu zina mwendo huo. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atasema nzuri, kisha ataongeza, “Ila mtoto anaumwa.” Si unafiki huo. Anaanza kwa kushika kilichobaki kizima, ndipo ataje kilichoharibika.

Methali ya faraja ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mhunzi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wengi huitumia kumaanisha usikate tamaa, basi. Wameichukua juu juu. Kaa karibu na kiwanda cha mhunzi uone. Koleo ndilo mkono wake ndani ya moto. Bila hilo hawezi kushika chuma kilichoiva kukileta kwenye fuawe. Likivunjika, kazi imesimama kweli, na methali hailifichi hilo. Lakini tazama amebaki na nini. Moto upo, mvukuto upo, nyundo ipo, na juu ya yote ana ujuzi wa kufua chuma. Katika mafundi wote wa kijiji, huyo ndiye anayeweza kujitengenezea koleo jipya. Aliyetunga maneno haya hakumwambia mhunzi atabasamu. Alimkumbusha kwamba chombo kimevunjika na ufundi haukuvunjika. Mwambie hivyo mshonaji aliyeibiwa cherehani, au mwalimu aliyepoteza kazi, uone atakavyoinua kichwa.

Nimesisitiza hili kwa sababu hekima ya zamani hudhaniwa kuwa ni maneno matamu tu. Wahenga walijua uchungu. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema, na kila nahodha wa pwani anajua kupanda upepo kwa dau dhaifu ni kazi gani. Hakuna anayeweza kuwashtaki kwa kuwadanganya maskini. Ndiyo maana wakisema jambo la kutia moyo, mara nyingi huambatana na kazi: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba ni kipimo cha nafaka, vinne hufanya pishi moja, ile pishi tunayoisikia hadi leo wakati wa zaka ya fitri. Wanawake wa vikoba wanaoweka fedha kidogo kidogo kila wiki wanaitenda methali hiyo bila kuhitaji kuitaja.

Kuna jambo moja linaniudhi, na nitalisema wazi. Methali za subira zimetumiwa vibaya dhidi ya wanawake wetu. Binti anarudi kwao na uso uliovimba, naye anapokewa na “mvumilivu hula mbivu”. Huko ni kuidhulumu methali pamoja na binti. Anayengoja embe liive anangojea kitu kinachoendelea kuiva. Mume mpigaji haivi kwa kungojwa. Na hao waliotuachia maneno ya subira ndio waliotuachia pia “ngoja ngoja huumiza matumbo” na “heri nusu shari kuliko shari kamili”. Somo au shangazi mwenye busara angemtolea binti hiyo ya mwisho, akamtandikia kitanda. Methali zetu zinapingana kwa makusudi, kwa kuwa maisha hayana hali moja. Hekima iko kwa anayejua ipi inamfaa nani, na lini.

Ujuzi huo wa kuchagua ndio unaotuponyoka. Maneno yenyewe hayajapotea. Mwaka 1891 mmishenari William Taylor alichapisha London mkusanyiko mkubwa wa methali za Waswahili, na katika kazi zake za Kiswahili alisaidiwa sana na mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua. Tangu hapo vitabu vya methali havijakoma, na wanafunzi wa Kenya na Tanzania wanazikariri kwa ajili ya mtihani: methali upande huu, maana upande ule. Mtoto anapata alama zote, lakini siku rafiki yake akifiwa hana la kumwambia zaidi ya “pole”, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha methali ikifanya kazi mbele ya mtu anayelia.

Walimu, pamoja na maana, waulizeni wanafunzi: ungemwambia nani methali hii, na nani usingethubutu kumwambia? Nanyi wazazi, mnapokuwa na watoto jioni, tajeni nusu ya methali mwaachie waimalizie. Wakishindwa, msiwakemee. Waambieni nani katika ukoo wenu aliambiwa maneno hayo, siku gani ngumu, na nini kilitokea baadaye.