Kompyuta moja, wanafunzi themanini

Makanisa na mashirika mengi yamezisaidia shule kupata kompyuta na projekta. Hata hivyo, mara nyingi kilichobadilika darasani ni kidogo. Maandishi yaliyokuwa ubaoni sasa yako ukutani, na wanafunzi wanayanakili kama zamani. Wa viti vya nyuma bado wanasinzia. Tunaamini kwamba kifaa kinasaidia pale tu mwanafunzi anapopewa jambo la kufanya au la kuamua.

Mfano mzuri ni PhET, mkusanyo wa majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika kwenye kompyuta. Ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani, na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Majaribio haya hayalipiwi, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Katika lile la umeme, mwanafunzi huvuta betri, nyaya na balbu na kuziunganisha anavyotaka. Chembe za umeme huonekana zikisafiri ndani ya waya, jambo ambalo haliwezi kuonekana kwa macho katika maabara yoyote. Akiunganisha vibaya, betri inatoa moto, na shule haipati hasara.

Somo linavyokwenda

Jenga saketi yenye betri, swichi na balbu mbili za aina moja zinazofuatana kwenye njia moja. Swichi ibaki wazi. Uliza: balbu ipi itawaka zaidi? Kila mwanafunzi aandike jibu lake, kisha apige kura kwa vidole: kimoja kwa balbu ya kwanza, viwili kwa ya pili, vitatu kama zitawaka sawa.

Wengi huchagua ya kwanza. Wanadhani umeme hutumika na kupungua kabla ya kuifikia ya pili. Usiwasahihishe! Wape dakika tatu wabishane na jirani zao, kisha wapige kura tena. Ndipo mwanafunzi mmoja, si mwalimu, aje kufunga swichi.

Zote mbili huwaka sawa. Hapo darasa huchangamka, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaandika jibu lake na sasa anataka kujua sababu. Mkondo ni uleule katika njia nzima; kinachogawanywa kati ya balbu ni volteji ya betri. Ongezeni balbu ya tatu, na zote zitafifia. Kisha ipeni kila balbu njia yake hadi kwenye betri. Mkichomoa moja, nyingine zinaendelea kuwaka, kama zinavyofanya taa za nyumbani.

Mbinu hii ya kupiga kura na kujadiliana ilienezwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya 1990. Siku umeme ukikatika, inafanya kazi vilevile kwa ubao na chaki.

Maandalizi

Pakua majaribio mahali penye intaneti na uyahifadhi kwenye flashi. Baada ya hapo hayahitaji intaneti. Chukua matoleo mapya, kwa sababu yale ya zamani yaliyotegemea programu ya Flash yalipoteza msaada mwishoni mwa 2020. Yafungue siku moja kabla, kwenye kompyuta ileile utakayotumia.

Tanzania, ambako sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, tunashauri mjadala uanze kwa Kiswahili, kisha jaribio lifunguliwe tena kwa Kiingereza ili wanafunzi wapate maneno ya mtihani.

Kompyuta haichukui nafasi ya vitu halisi. Betri za redio, balbu ya tochi na vipande vya waya bado viwepo mezani, maana waya halisi hulegea na betri halisi huisha nguvu.

Angalia pia ni nani anayeshika kipanya. Usipopanga, watakuwa wavulana walewale watatu wa mbele. Bandika orodha ya majina ukutani, na kila kipindi waje wawili wanaofuata, msichana na mvulana.