Khanga: Mvaaji Ndiye Mbunifu

Je, wajua kwamba unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja tu? Huota kwenye ganda la mbegu, hurefuka hadi kama sentimita 3, na kitumba kinapopasuka hukauka, husinyaa na kujisokota. Misokoto hiyo ndiyo huzifanya nyuzi zishikamane zikisokotwa kiwandani. Bila hiyo pamba ya Bunda, mkoani Mara, Tanzania, inayochumwa kwa mkono, ingefaa magodoro tu.

Musoma, mji wa mkoa huohuo, iliwahi kuwa na kiwanda chake cha nguo, Mutex. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje kabla haijasokotwa, na khanga inayotundikwa dukani Musoma huenda ilipigwa chapa India. Faida ya kusokota na kupiga chapa hubaki huko, na hasara hiyo kwa mkulima wala haihitaji hesabu ndefu.

Ila tangu zamani khanga haikuwahi kuwa ya nchi moja. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki na merikani, nguo za pamba zisizo na urembo, wakajifunga khanga. Zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na baadaye Japani, na mafundi wasiojua hata neno la Kiswahili. Kati yao na mvaaji alisimama mfanyabiashara, mfano Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye khanga zake zilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Yeye alisikiliza wanawake wanataka nini, kisha akaagiza. Aliyekosea alibaki na mzigo.

Wapo wasiomhitaji mfanyabiashara wala fundi. Kule Chile, mama wa Kimapuche, jamii ya wenyeji wa asili, hufanya yote mwenyewe: husokota sufu, huitia rangi, huifuma kwenye witral, fremu yake ya kusimama. Mama wa Butiama, huko Mara, hafumi khanga, lakini nguvu aliyo nayo juu ya mchoro, naona, si ndogo: anayekataa kununua huua mchoro kiwandani.

Mtazame dukani. Anaikunjua doti, yaani khanga mbili zilizoungana, anapitisha jicho kwenye pindo zinazozunguka pande zote na kwenye mji, yaani sehemu ya katikati, halafu anatulia kwenye jina, yale maandishi juu ya pindo la chini. Hapo ndipo ununuzi huamuliwa. Jina la mafumbo likimgusa, rangi iliyofifia kidogo husamehewa. Likimchukiza, muuzaji huambiwa alete nyingine. Akiridhika, hulipa na kumpelekea fundi cherehani aikate doti katikati na kupinda ncha: moja ya kujifunga, nyingine ya kujitanda.