Hisabati ya Uwezekano na Upandaji wa Miti Mashambani

Katika vilima vya Wilaya ya Ngara na katika nchi ya miombo ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, wananchi walio wengi huishi kwa kulima migomba, maharage, mahindi, muhogo na kahawa. Utaratibu wa kuotesha miti pamoja na mazao hayo, au pamoja na malisho, katika shamba moja huitwa kilimo mseto. Faida zake zinafahamika. Migrevilea iliyopandwa mipakani hutoa kuni, nguzo na mbao. Kaliandra na sesbania, kwa msaada wa bakteria waishio katika mizizi yake, hunasa nitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi.

Haja ya miti ilidhihirika zaidi mwaka 1994. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo katika muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Watu wengi kiasi hicho walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, na misitu ya jirani ikafyekwa. Wengi wa wakimbizi hao walirejea kwao Desemba 1996, lakini mti uliokatwa haurudi kwa muda mfupi.

Hata hivyo, si kila mkulima apewaye miche huipanda. Majirani wawili hupata mvua ileile na mafunzo yaleyale, mmoja akapanda na mwingine akaacha. Mara nyingi yule aliyeacha huitwa mbishi. Sayansi haiwezi kuridhika na jibu hilo, kwa kuwa halielezi kitu. Swali lililo bora ni hili: hali zipi huongeza, na hali zipi hupunguza, uwezekano wa mkulima kupanda miti?

Uwezekano hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Namba 0 ni jambo lisiloweza kutukia. Namba 1 ni jambo la hakika. Mtu akijaribu kuuonyesha uwezekano kwa mstari ulionyooka, mstari huo hatimaye hupita juu ya 1 au chini ya 0, jambo ambalo halina maana. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia mchirizo wenye umbo la herufi S. Hugawanya uwezekano wa kupanda kwa uwezekano wa kutopanda, kisha huchukua logi ya jibu. Logi hiyo huitwa lojiti, jina lililobuniwa na Joseph Berkson wa Marekani mwaka 1944.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni, kwa ajili ya darasa tu:

L = –2 + M + 0.5Z

M ni 1 iwapo mkulima ana haki ya kudumu juu ya shamba lake, na ni 0 iwapo amelikodi. Z ni idadi ya ziara za bwana shamba au bibi shamba kwa mwaka. Uwezekano hupatikana kwa kanuni p = 1 ÷ (1 + e⁻ᴸ), ambapo e ni karibu 2.718.

Mkulima aliyekodi shamba na asiyetembelewa ana L = –2, hivyo p ni 0.12. Akitembelewa mara moja, p huwa 0.18. Mwenye shamba lake aliyekwisha tembelewa mara mbili ana p = 0.50, ziara moja zaidi humfikisha 0.62. Ziara ni ileile, lakini kwa huyu wa pili imezaa ongezeko maradufu. Ama yule wa kwanza, akipata haki ya kudumu juu ya shamba, hata bila ziara, p yake hupanda kutoka 0.12 hadi 0.27.

Hapo ndipo hisabati inapomtetea mkulima. Mgrevilea hungojewa miaka kadhaa kabla haujatoa mbao. Aliyekodi shamba kwa msimu mmoja, akiupanda, humpandia mwingine. Kutopanda kwake si ujinga, ni hesabu sahihi. Katika hali kama hiyo, hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, yaweza kuotesha miti mingi kuliko hotuba.

Katika utafiti halisi namba kama –2 na 0.5 hazibuniwi. Kaya nyingi huhojiwa kuhusu umri, elimu, ukubwa wa shamba, nguvukazi na kipato, kisha huteuliwa namba zinazoyafanya majibu yaliyopatikana yawe ndiyo yenye uwezekano mkubwa kuliko yote.

Tahadhari mbili zinafaa kukumbukwa. Kwanza, modeli haitabiri atakalofanya mkulima mmoja, 0.62 humaanisha kwamba kati ya wakulima 100 wa hali moja, 62 hivi watarajiwe kupanda. Pili, kufuatana kwa mambo si lazima kuwe ni kusababishana. Huenda bwana shamba huwatembelea zaidi wale ambao tayari ni hodari.

Walimu wa hisabati na wa kilimo wanaweza kushirikiana katika zoezi hili. Wanafunzi na wazihesabu kaya za kijiji kimoja zilizopanda miti na zisizopanda, wakizitenga zenye haki ya kudumu juu ya ardhi na zinazokodi, kisha wakokotoe uwezekano wa kila kundi. Tofauti itakayoonekana ndiyo mwanzo wa kuuliza kwa nini.