Rinchen, Hati ya Wima na Ngamia wa Sataranji

Katika makala haya nakusudia kumjadili mtu ambaye jina lake halisikiki sana katika semina zetu za fasihi: Byambyn Rinchen wa Mongolia (1905-1977), mwanaisimu, mfasiri na mwandishi wa riwaya. Hata hivyo nitaanzia kwenye bao la sataranji. Msomaji anivumilie kidogo. Hapo ndipo linapoonekana kwa urahisi swali lililomsumbua Rinchen maisha yake yote: kitu kikibadilishwa umbo, kinabaki nini na kinapotea nini?

Sisi tunasema sataranji, neno tulilolipata kwa Waarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao chaturanga yao ilikuwa jeshi la sehemu nne: tembo, farasi, magari na askari wa miguu. Wamongolia wanasema shatar, na shina ni lilelile. Lakini hebu tuangalie mchezo huu ulivyopokewa na wafugaji wa nyikani. Mfalme akawa noyon, yaani bwana mkubwa. Pale alipokuwa tembo wa Wahindi, ambapo Waingereza wameweka askofu, akasimama ngamia, temee. Gari likabaki gari, tereg. Farasi ni mori, na wale askari wadogo wa mbele wakaitwa khüü, wana. Sheria nazo walikuwa na zao. Kwa mfano, farasi hakuruhusiwa kutoa pigo la mwisho la kumfunga noyon.

Katika karne ya 20 sheria za kimataifa zikaingia. Mwaka 1956 Mongolia ilipeleka timu kwenye Olimpiadi ya sataranji mjini Moscow, na mwaka 1970 bingwa wao Tüdeviin Üitümen alikaa meza moja na Bobby Fischer huko Palma de Mallorca. Alifungwa, kama walivyofungwa wengi waliokutana na Fischer mwaka ule. Sheria zilikuwa za dunia nzima, ila nyumbani kwao ngamia aliendelea kuitwa ngamia. Mchezo ulibadilika, majina yakabaki na historia yake ndani.

Je, na lugha? Hapa mambo ni mazito zaidi. Tangu karne ya 13 Kimongolia kimeandikwa kwa hati ya wima: maneno yanashuka kutoka juu hadi chini, na mistari inafuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Hati hiyo haifuati matamshi ya leo. Inaandika bagatur, shujaa, wakati watu wa Ulaanbaatar wanatamka baatar. Inaandika ulagan, nyekundu, wakati wao wanasema ulaan. Mwanafunzi anayejifunza kusoma atalalamika, na ana haki. Kumbe tahajia hiyo ndiyo kumbukumbu: inaonyesha neno lilivyokuwa kabla sauti hazijamezwa, na inawawezesha wasemaji wa lahaja mbalimbali kusoma kitabu kimoja.

Mwaka 1941 serikali ilikubali kwanza herufi za Kilatini, na muda si muda ikageuka ikaamua za Kisirili, zile za Warusi. Kuanzia 1946 herufi hizo ndizo zilizokuwa rasmi. Kazi ya kutengeneza tahajia mpya iliongozwa na Tsendiin Damdinsüren. Tusimdharau hata kidogo. Alikuwa msomi hodari, na mwaka 1947 alitoa Historia ya Siri ya Wamongolia katika lugha ya kisasa, watu wa kawaida wakaweza kuisoma. Hoja yake ilikuwa na nguvu: herufi zinazofuata matamshi zinafundishika haraka, na nchi ilikuwa na kiu ya elimu.

Rinchen alisimama upande wa pili. Alizaliwa mwaka 1905 mpakani mwa Mongolia na Urusi, akasoma Leningrad hadi 1927, akarudi nyumbani na lugha nyingi kichwani. Mwaka 1937, wakati wa msako mkubwa dhidi ya wasomi na watawa, alikamatwa na kuhukumiwa kifo. Adhabu ikageuzwa kuwa kifungo, akaachiwa 1942. Mtu aliyeponea hapo tungemsamehe kama angenyamaza. Hakunyamaza, na baadaye alishutumiwa tena kuwa anatukuza mno utaifa.

Tazama alichofanya. Aliandika hadithi ya filamu ya Tsogt Taij (1945), kuhusu mwana wa mfalme wa karne ya 17 ambaye pia alikuwa mshairi, na ambaye shairi lake lilichongwa kwenye mwamba mwaka 1624, kwa hati ileile ya wima. Katika miaka ya 1950 alitoa Üüriin Tuyaa, yaani Mwanga wa Alfajiri, riwaya ndefu inayohesabiwa miongoni mwa nguzo za riwaya ya Kimongolia. Mwaka 1956 alipata udaktari Budapest. Kuanzia 1959 akachapisha huko Wiesbaden matini za waganga wa mizimu, maneno ambayo nyumbani yalionekana ni ushirikina tu. Kisha, katika miaka ya 1960, akatoa sarufi ya Kimongolia andishi, juzuu nne. Jamani, sarufi ya juzuu nne kwa hati ambayo shule za nchi yake zilikuwa zimeiweka kando!

Wapo watakaosema huo ni ukaidi wa mzee anayependa ya kale. Mimi sikubali. Rinchen mwenyewe aliandika na kuchapisha kwa Kisirili, kwa hiyo hakuwa adui wa kipya. Alichokataa ni kwamba anayejifunza herufi mpya lazima afungiwe mlango wa vitabu vya zamani. Sataranji iliweza kubadili sheria kwa sababu majina yalirithiwa kwa mdomo. Maandishi hayarithiwi hivyo. Kizazi kimoja kisipofundishwa hati, mwamba wa Tsogt unabaki mwamba wenye mikwaruzo.

Hapa sisi wahakiki tunaguswa. Tenzi zetu kongwe, Utendi wa Tambuka ukiwamo, ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, nasi tunazihakiki kwa herufi za Kirumi kana kwamba zilizaliwa hivyo. Kila aliyezigeuza alichagua irabu na mgawanyo wa maneno kwa niaba yetu. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kurudi kwenye mswada wakahakikisha?

Mbele ya Maktaba ya Taifa ya Ulaanbaatar ilisimama sanamu ya Stalin hadi ilipoondolewa mwaka 1990. Sasa iliyopo hapo ni sanamu ya Rinchen. Sheria ya mwaka 2015 nayo iliagiza kwamba kuanzia 2025 shughuli za serikali ziandikwe kwa hati zote mbili. Kazi ya kuwafundisha watu wazima hati ya babu zao si ndogo, lakini angalau hawaanzi na mikono mitupu: juzuu nne zinawasubiri.