Yaw Anokwa na maswali yanayobebwa kwenye simu

Mkimbizi haishi kuulizwa. Waliovuka kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo mwaka 2017 na kupokewa kwenye kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge, Zambia, maswali yaliwafuata hadi makazi ya Mantapala walikoanza kuhamishiwa Januari 2018. Orodha kuu ya wakimbizi ina mfumo wake wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wenye alama za vidole, na huo si programu huria. Ila maswali ya kila siku, ya maji, vyoo, chakula na maradhi, katika kambi nyingi za Afrika hupita kwenye programu za KoboToolbox au ODK, na UNHCR yenyewe ina seva yake ya Kobo. Ukizifuata programu hizo mbili hadi chimbuko lake unamkuta Yaw Anokwa, mhandisi mwenye asili ya Ghana, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle.

Anokwa hakuanzia kwenye simu. Alifanya kazi Rwanda na shirika la Partners In Health, kwenye OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo mizizi yake mingine iko Eldoret, kwenye mpango wa afya wa AMPATH. Kazi ya namna hiyo inamfunza mtu jambo moja haraka: kompyuta inaweza kuwa nzuri na programu nzuri, na bado habari zikafika zimechelewa, kwa sababu kule nje zinaandikwa kwenye karatasi, kisha karani anakaa kuzinakili upya. Anayenakili hukosea.

Mwaka 2008 yeye, Carl Hartung, Waylon Brunette na profesa wao Gaetano Borriello walianza kuunda Open Data Kit, yaani ODK. Simu ya kwanza ya Android ilikuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni mwaka huohuo, na ilikuwa ghali. Kujenga kifaa cha vijijini Afrika juu ya simu ambayo hata Marekani wachache walikuwa nayo ulikuwa ujasiri, na wengine wangesema ni wazimu. Walibahatisha, nami nadhani hapo ndipo penye akili yao kubwa kuliko kwenye msimbo wenyewe: waliona bei itashuka. Miongoni mwa majaribio ya mwanzo yalikuwa ya AMPATH magharibi mwa Kenya, wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba kupima VVU na kujaza majibu kwenye simu. Anokwa alifanyia hukohuko utafiti wa shahada yake ya uzamivu, akiwawekea madaktari muhtasari wa mgonjwa kwenye simu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Dodoso la ODK huandikwa kwenye jedwali la kawaida, Excel inatosha. Kila mstari ni swali. Safu moja inataja aina ya jibu: namba, chaguo, picha, mahali. Nyingine ina jina fupi la kompyuta, na inayofuata ina swali lenyewe kama litakavyosomwa. Ukitaka, unaweka sharti: umri usizidi 120, au swali la chanjo lirukwe kama nyumbani hakuna mtoto. Faili hilo linapakiwa kwenye seva, simu inalichukua mara moja, na kuanzia hapo intaneti haihitajiki. Karani anaweza kushinda kutwa kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Mweru bila mtandao. Majibu, picha na vipimo vya GPS vinakaa ndani ya simu hadi jioni afike penye mawimbi, kisha avitume. Simu ikitumbukia ziwani kabla ya hapo, kazi ya siku imekwenda nayo.

Msimbo wote waliutoa chini ya leseni ya Apache, inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuubadili, hata kuuuza. Phuong Pham na Patrick Vinck, watafiti waliokuwa wakihoji waathirika wa vita kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo, waliuchukua. Kutokana nao ikatoka programu ya simu ya Kobo, iliyokua kwenye kituo cha masuala ya kibinadamu cha Chuo Kikuu cha Harvard. Kwingine jambo hili lingezaa kesi mahakamani. Hapa lilizaa programu ya pili ambayo mashirika ya misaada yaliipenda pengine kuliko ya kwanza.

Borriello alifariki mwaka 2015, na baadaye chuo kikaacha kazi hiyo mikononi mwa jumuiya ya watumiaji, kampuni ya Anokwa, Nafundi, ikishika usukani. Programu za bure huwa zinafia hapo, ruzuku ikikatika. Anokwa na mwenzake Hélène Martin wanauza huduma ya seva kwa wanaoweza kulipa. Msimbo umebaki wa wote. Asiyetaka kulipa aendeshe seva yake, mradi awe na mtu wa kuihudumia, na mtu huyo naye anakula.

Kwa msemaji wa Kiswahili aliyeko Nchelenge, faida iliyo karibu zaidi ni ile safu ya lugha. Jedwali linakubali safu ya Kiswahili kando ya Kiingereza, na ya Kibemba kando ya hiyo. Isipowekwa, kila karani anatafsiri kichwani mwake, huyu hivi na yule vile, na seva inayapokea majibu kana kwamba wote waliuliza swali lilelile. Kuiongeza hakuhitaji ruhusa ya Seattle wala ya Harvard. Kunahitaji mtu aijuaye lugha ya watu wa Pweto na Moba, upande wa Kongo walikotoka wakimbizi, na mkuu wa mradi anayekubali kumlipa kwa kazi hiyo.

Majibu ni habari nyingine. Leseni ya Apache inazungumzia msimbo tu. Haimlazimishi aliyehoji kurudi kwa waliohojiwa kuwaeleza alichokipata.