Mwisho wa Shamba la Wanyama ulivyozua kelele Nduguti

Picha iliganda nguruwe wakiwa mezani, glasi mikononi. Umeme ulikuwepo. Mwenye banda alikuwa ameisimamisha kwa makusudi. Alivuta kipaza sauti karibu na mdomo, akawasimulia watazamaji wake mambo ambayo kwenye runinga hayakuwepo: kwamba mezani pale walikaa pia binadamu, wakulima wa mashamba ya jirani, wakinywa na kucheza karata na nguruwe, na kwamba wanyama waliochungulia dirishani walishindwa kupambanua nani mtu, nani nguruwe. Akanyamaza. Hadithi imekwisha.

"DJ, malizia muvi!" Watoto waliokaa mkekani ndio walioanza. Vijana wa mabenchi ya nyuma wakadai warudishiwe kiingilio. Alivumilia kelele kwa muda, kisha akabonyeza rimoti, na banda zima likaona walichokuwa wanakidai: punda anawaongoza wanyama, wanaivamia nyumba kubwa, utawala wa nguruwe unaangukia mbali. Walishangilia hadi mabati yakatikisika.

Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, nilikuwa nimefuata habari za bei ya alizeti. Habari hiyo niliiandika na imeshapita. Hii ya banda la video imekataa kuniachia.

Riwaya ya George Orwell ilitoka Uingereza mwaka 1945. Sisi tunaijua zaidi kama Shamba la Wanyama, kwa Kiswahili cha Fortunatus Kawegere, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Filamu ni ya katuni, ya mwaka 1954, kazi ya mtu na mkewe, John Halas na Joy Batchelor, waliokuwa na studio yao Uingereza. Ina urefu wa dakika 72. Anayebishana na filamu hiyo kila anapoionyesha ni fundi simu mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, ambaye usiku hutafsiri muvi kwa mdomo, papo hapo. Jina lake ameomba nisilitaje. Mjini wanamwita DJ, nasi tumwite hivyo.

Kazi hii aliipenda tangu utotoni, kwa kusikiliza kanda za Lufufu, mtafsiri maarufu wa muvi kwa Kiswahili. Ana daftari la mistari ambamo kila mnyama ana ukurasa wake, na chini ya jina ameandika sauti atakayompa: ya puani, ya kifuani, ya kukokota maneno. Kondoo wote wana ukurasa mmoja, kwa sababu, ananieleza, kondoo hawana mawazo mawili. Boxer, yule farasi mchapakazi, alimsumbua. Farasi hapa hawaonekani. Alichofanya ni kuwaambia watazamaji mwanzoni kabisa kwamba huyu mchukulieni ni maksai wa plau, yule wa kuamka kabla ya jogoo, na tangu hapo akamtolea sauti nzito, ya mtu anayekubali kila kitu.

Vijana humwomba ampe Napoleon, nguruwe mkuu, sauti ya mwanasiasa fulani. Amekataa miaka yote, na si kwa woga. Anasema wakicheka mtu mmoja watawasahau wengine wote. Kisha, dada, tazama vizuri, akaniambia: "Mkubwa mwenyewe haongei sana. Wanaoongea ni wapambe." Nilirudi kuitazama filamu, na kweli, kazi ya kueleza, kugeuza na kusafisha anaifanya Squealer, nguruwe msemaji wake.

Kuna mahali ambapo DJ mwenyewe hupata shida kutafsiri. Boxer ameanguka, nguvu zimemwisha, na gari linakuja kumchukua. Nguruwe wanasema anapelekwa hospitali. Punda analikimbilia gari huku analia. Kitabuni, punda ndiye anayewasomea wenzake maandishi ya ubavuni mwa gari: ni la mchinja farasi, anayechemsha mizoga kupata gundi. DJ anasema hapo banda hunyamaza, na hahitaji kufafanua lolote. Mkalama ni nchi ya punda. Ndiye anayebeba maji, ndiye anayebeba magunia. Watu wanaijua biashara ya ngozi za punda zinazokwenda China kuchemshwa zitolewe gelatini ya dawa, biashara iliyotikisa Afrika hadi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Februari 2024, wakakubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Orwell aliandika juu ya farasi na gundi. Mtoto wa Nduguti anamwona punda wa nyumbani kwao akipandishwa kwenye lori.

Nilimweleza DJ jambo nililodhani litamfurahisha: kwamba katika filamu ile ya mwaka 1954 sauti za wanyama wote, kuanzia nguruwe hadi kuku, zilitolewa na mtu mmoja, Mwingereza Maurice Denham, na kwamba msimulizi wake alikuwa Mmarekani mweusi, Gordon Heath. Alikaa kimya akiligeuzageuza daftari lake. Mtu mmoja, wanyama wote. Kisha akauliza swali la mtu wa kazi: "Nani alimlipa?"

Jibu linajulikana leo. Orwell alifariki Januari 1950. Haki za filamu zilinunuliwa kwa mjane wake, na fedha za kuitengeneza zilitoka Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, zikipitia kwa mtayarishaji wa Kimarekani, Louis de Rochemont. Waliozitoa walitaka mwisho mwingine. Walitaka wanyama wainuke, ili watu walio chini ya Urusi waone kwamba inawezekana. Na walitaka binadamu waondolewe kwenye karamu ile ya mwisho. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Orwell aliwakalisha nguruwe na wakulima meza moja ili aseme kwamba wakubwa wa pande zote mbili wamefanana. Kwenye filamu wamebaki nguruwe peke yao. Upande wa mwenye kulipa ukatoka pale msafi.

Ameondolewa pia Clover, farasi jike mzee. Kitabuni tunauona mwisho kwa macho yake, yaliyoanza kufifia. Na punda Benjamin, ambaye Orwell alimwumba akijua kusoma sawa na nguruwe yeyote lakini akichagua kunyamaza mpaka siku ya gari la Boxer, amegeuzwa jemadari. Mwaka 1999 hadithi hiyo ilitengenezwa tena kwa ajili ya runinga, na humo pia nguruwe wanaanguka na wenye shamba wapya wanawasili. Mara mbili filamu imeukimbia ukurasa uleule.

DJ alisikiliza habari za CIA bila kushangaa sana. Alichotaka kujua ni kama watoto wake wa mkekani wana makosa. Wale hawajalipwa na mtu. Wanataka punda ashinde kwa sababu wanampenda. Je, awanyime? Nami sikuwa na la kumjibu pale. Bado nalitafuta. Wala sijui Kawegere aliwaza nini alipoukabidhi mwisho ule mchungu kwa wasomaji wa Kiswahili mwaka uleule wa Azimio la Arusha.

Lakini kati ya kazi hizi mbili nina upande. Filamu ni nzuri, imechorwa kwa mapenzi, na kifo cha Boxer ndani yake kinaumiza kweli. Ila inamruhusu mtazamaji aende kulala akijua kazi ya kuwaondoa nguruwe imeshafanywa na punda. Kitabu kinamwachia kazi hiyo msomaji. DJ ameamua kuendelea kuonyesha miisho yote miwili, wa kitabu kwanza kwa mdomo, wa filamu baadaye, hata wakimzomea. Namuunga mkono. Na wewe mwenye Shamba la Wanyama kabatini, tangu enzi za shule, usikiache kiliwe na mchwa. Mpe kijana anayependa muvi, na umwombe akisome mpaka ukurasa wa mwisho.