Geil: neno la aibu lililogeuka sifa

Neno geil, linalotamkwa "gail", lina umri mkubwa katika Kijerumani. Katika Enzi za Kati lilimaanisha mwenye nguvu, mchangamfu au aliyefurahi kupita kiasi. Lilitumika pia kwa mimea inayorefuka ovyo, na matumizi hayo yamebaki katika botania: kiazi kikichipua gizani hutoa machipukizi marefu, membamba na meupe, na hali hiyo huitwa Vergeilung.

Baadaye wazo hilo la kupitiliza lilielekezwa kwenye tamaa za mwili. Biblia ya Martin Luther, iliyokamilika mwaka 1534, ina maana zote mbili. Katika Kumbukumbu la Torati 32:15, aliye geil ni taifa lililonona likaota kiburi. Katika 1 Timotheo 5:11, ni wajane vijana waliozidiwa na tamaa. Hatimaye maana ya pili ilitawala, na geil likawa neno la ashiki, lisilotamkwa mbele ya wakubwa. Katika Kiholanzi lingali na maana hiyo.

Waliolipindua ni vijana wa Ujerumani Magharibi. Kufikia miaka ya 1980, muziki, pikipiki, hata viatu viliitwa geil, yaani bomba. Aliyetaka kukoleza zaidi alisema affengeil, akitanguliza jina la nyani. Wazazi walichukia, na chuki yao ikalinogesha neno. Mwaka 1986 wimbo "Geil" wa Bruce & Bongo, wanamuziki wawili Waingereza, ulishika nafasi ya kwanza Ujerumani Magharibi.

Biashara nayo ikalidaka. Mwaka 2002 Saturn, maduka ya vifaa vya elektroniki, yalitangaza "Geiz ist geil", yaani "ubahili ni bomba". Ubahili uliohesabiwa na mapokeo ya Kikristo kuwa dhambi ya mauti ukageuzwa sifa ya mnunuzi mwerevu. Wakosoaji waliigeuza kaulimbiu hiyo kuwa jina la tabia ya kuthamini bei nafuu kuliko ubora.

Leo hata watu wazima husema geil, ingawa si katika barua rasmi. Maana ya tamaa haijafa: geldgeil ni mwenye uchu wa fedha, na machtgeil ni mroho wa madaraka. Filamu ikiitwa geil, imesifiwa; mtu akijiita geil, wasikilizaji wengi bado huelewa kwamba ameshikwa na ashiki.